Mchezaji Mkimbizi Ni wa Nchi Gani? Fumbo la Wanawake wa Afghanistan

Tarehe 26 Oktoba 2025, mjini Berrechid nchini Morocco, timu moja ya wanawake ilifungwa na Chad mabao 6-1. Kwa kawaida kipigo cha namna hiyo hakizungumzwi hadi kesho yake. Hiki kilizungumzwa, kwa sababu timu iliyofungwa iliitwa Afghan Women United, na wachezaji wake walikuwa wanawake wa Afghanistan wanaoishi uhamishoni, waliotawanyika Australia na Ulaya. Bao lao lilifungwa kwa penalti na Manoozh Noori.

Tangu hapo maswali yamekuwa mengi, na majibu yanayotolewa vijiweni na mitandaoni yanagongana. Je, hiyo ndiyo timu ya taifa ya Afghanistan? Kama ndiyo, mbona haikuitwa hivyo? Kama siyo, kwa nini mabinti hao wasichezee Australia au Uingereza wanakoishi? Na kwa nini FIFA, iliyoifungia Kenya mwaka 2022, haijaifungia Afghanistan? Majibu yapo, ila hayakai mahali pamoja. Mengine yako kwenye sheria za ukimbizi, mengine kwenye kanuni za mpira, na mengine kwenye daftari la katibu wa klabu.

Tuanze na maneno

Mkimbizi, kwa Mkataba wa mwaka 1951, ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa ajili ya rangi yake, dini yake, utaifa wake, maoni yake ya kisiasa au kwa kuwa mmoja wa kundi fulani la jamii. Soma orodha hiyo tena: neno "mwanamke" halimo. Kwa miaka mingi mwanasheria wa mwanamke aliyekimbia kwa sababu ya jinsia yake amelazimika kumpitisha kwenye kile kipengele cha mwisho, cha kundi la jamii, na kuthibitisha kwamba yeye binafsi yumo hatarini. Kwa wanawake wa Afghanistan hali ilibadilika tarehe 4 Oktoba 2024, pale Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoamua kwamba manyanyaso wanayofanyiwa yakijumlishwa ni mateso kamili, na kwamba nchi mwanachama inaweza kutosheka na mambo mawili tu, kuwa ni mwanamke na kuwa ni raia wa Afghanistan.

Mwomba hifadhi ni yule ambaye ombi lake bado halijaamuliwa. Asiye na uraia ni mtu ambaye hakuna nchi inayomtambua kuwa wake. Watu wengi huwachanganya hawa wa mwisho na wakimbizi, na kosa hilo litatusumbua huko mbele tukilibeba. Mkimbizi kutoka Afghanistan bado ni raia wa Afghanistan. Alichopoteza ni ulinzi wa nchi yake. Uraia wake uko palepale.

Neno la nne ni shirikisho, na hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapozaliwa. Wengi hudhani timu ya taifa ni mali ya serikali, au ya bendera, au ya wananchi. Kwa kanuni za FIFA timu ya taifa ni ya shirikisho la mpira la nchi hiyo. Tanzania ni TFF, Kenya ni FKF, Afghanistan ni shirikisho lao lenye makao Kabul. FIFA haina wanachama ambao ni nchi, wala wachezaji, wala klabu. Wanachama wake ni mashirikisho.

Anayelima kahawa au korosho ataelewa haraka. Mkulima anaweza kuwa na mzigo safi kuliko wa kijiji kizima, lakini ghala la mnada linapokea mzigo kupitia chama cha ushirika cha msingi, AMCOS. Mnada haumjui mkulima mmoja mmoja, unaijua stakabadhi. Sasa fikiria uongozi wa AMCOS uamke siku moja na kusema hautaandika stakabadhi ya mwanamke yeyote. Kahawa yake haijaharibika, sheria ya mnada haijamkataza, ila mzigo utabaki kichwani kwake. Hivyo ndivyo walivyo wanawake wa Afghanistan mbele ya FIFA tangu Agosti 2021.

Katazo lisiloandikwa kwa mstari mmoja

Timu ya kwanza ya taifa ya wanawake ya Afghanistan ilianza kukusanywa mwaka 2007. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa Khalida Popal, aliyekuwa nahodha, na ambaye vitisho vilimlazimisha kuikimbia nchi mwaka 2011 na hatimaye kupata hifadhi Denmark. Desemba 2010 timu hiyo ilikwenda Cox's Bazar, Bangladesh, kwenye michuano ya Asia Kusini, ikafungwa na Nepal 13-0. Ukiangalia namba tu utadharau. Ila hawa walikuwa wasichana waliokulia katika nchi ambayo kati ya 1996 na 2001 haikuwaruhusu hata kwenda shule, na bado walikuwa wakifanya mazoezi kwa kujificha.

Hata miaka ya uhuru kiasi haikuwa salama. Mwaka 2018 wachezaji walijitokeza kusema kwamba walidhulumiwa kingono na viongozi wa shirikisho lao lenyewe. Juni 2019 FIFA ilimfungia maisha rais wa shirikisho hilo, Keramuddin Karim, na kumtoza faini ya faranga milioni 1 za Uswisi. Jambo hili lisisahaulike, kwa sababu linaonyesha kwamba kizuizi hakikuletwa na Taliban peke yao. Waliokuwa na kalamu ya kuandika stakabadhi walishaitumia vibaya kabla.

Taliban waliingia Kabul tarehe 15 Agosti 2021. Watu wengi hutafuta tangazo lililosema "wanawake marufuku kucheza mpira", wasipoliona wanadhani habari zimetiwa chumvi. Mpira wa mashindano hauhitaji kukatazwa kwa jina ili ufe. Unahitaji vitu vingi kwa pamoja: shule au klabu inayokusanya wasichana, uwanja, mavazi, kocha, nauli ya kwenda mji mwingine, na watu wa kutazama. Shule za sekondari zilifungwa kwa wasichana tangu Septemba 2021. Desemba 2021 mwanamke akakatazwa safari ya zaidi ya kilomita 72 bila ndugu wa kiume wa karibu. Novemba 2022 bustani za umma na kumbi za mazoezi zikafungwa kwao, na mwezi uliofuata vyuo vikuu. Agosti 2024 ikaja sheria ya maadili iliyofika mpaka kwenye sauti ya mwanamke hadharani. Sasa tafuta mahali ambapo mechi ya wachezaji 22 wa kike ingechezwa. Hapapo.

Ndiyo maana katika siku zile za Agosti, Popal aliwasihi wachezaji wachome jezi zao, wafute picha na kuzima akaunti zao za mitandao. Jezi yenye nembo ya taifa, ambayo mchezaji popote duniani huitundika ukutani, iligeuka kuwa ushahidi wa kumtia hatarini.

Walivyotoka, na kwa nini walitawanyika

Watu huuliza kwa nini hawakukimbilia nchi moja ili timu ibaki nzima. Uokoaji wa Agosti 2021 haukupangwa kama safari ya timu. Kila kundi lilitoka kwa mlango uliofunguka. Wachezaji wa timu ya wakubwa pamoja na jamaa zao, zaidi ya watu 75, walipata nafasi kwenye ndege za Australia mwezi huohuo. Mabinti wa timu ya vijana walifika Ureno Septemba, kundi la watu 80 ukihesabu familia. Wengine walivuka mpaka kwenda Pakistan, wakasubiri wiki nyingi, na Novemba kundi la watu 130 likatua Uingereza.

Matokeo yake ya kimpira ni mazito kuliko yanavyoonekana. Ukitaka kuwaita kambini, kipa anatoka Melbourne, beki anatoka Lisbon, winga anatoka kaskazini mwa Uingereza. Tofauti ya saa kati ya Melbourne na Lisbon ni kati ya saa 9 na 11 kutegemea majira. Na kila mmoja anasafiri kwa hati tofauti: mmoja ana pasipoti ya zamani ya Afghanistan, mwingine ana hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo nchi nyingi huikubali tu ikiwa na viza iliyoombwa mapema.

Walioko Australia walipata bahati ya kubaki pamoja. Klabu ya Melbourne Victory iliwachukua chini ya mbawa zake, na Aprili 2022 wakaanza ligi ya jimbo la Victoria, ngazi ya chini kabisa kuliko uwezo wa wachezaji wa taifa. Mechi ya kwanza ilimalizika 0-0 dhidi ya ETA Buffalo. Hapo usajili haukuwa tatizo, kwa sababu waliingia kama timu ya klabu ndani ya shirikisho la Australia. Walikubaliwa kucheza kila wikendi. Kilichokosekana ni kukubaliwa kuwa Afghanistan.

"Kenya walifungiwa, mbona hawa hapana?"

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira zaidi Afrika Mashariki, na hasira hiyo ina sababu. Novemba 2021 serikali ya Kenya ilivunja uongozi wa FKF na kuweka kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na haikuifungulia hadi Novemba mwaka huo. Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, walikuwa wa kwanza kuumia: wakatoka kwenye mchujo wa WAFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, bila kucheza na Uganda. Zimbabwe nayo ilifungiwa siku ileile kwa sababu zinazofanana.

Kosa la Kenya kwa lugha ya FIFA linaitwa kuingiliwa na mtu wa nje. Kanuni inataka shirikisho lijiendeshe lenyewe. Serikali ikiondoa viongozi na kuweka wake, shirikisho linakuwa limetekwa, na adhabu hufuata karibu moja kwa moja. Kuna kanuni nyingine kabisa, ya ubaguzi. Kifungu cha 4 cha katiba ya FIFA kinakataza ubaguzi wa aina yoyote, jinsia ikiwemo, na kinataja adhabu ya kusimamishwa au hata kufukuzwa uanachama. Kwa hiyo silaha ipo. Kilichotofautiana ni utayari wa kuitumia.

FIFA imekuwa ikisimama juu ya hoja kwamba kutambua timu ya taifa ni kazi ya shirikisho mwanachama, na shirikisho la Kabul halikupeleka jina la timu ya wanawake. Hoja hiyo ni sahihi kwenye karatasi, lakini inamfanya anayefunga mlango kuwa ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuufungua. Wakati huohuo timu za wanaume za Afghanistan ziliendelea kama kawaida. Mwaka 2024 timu yao ya futisali, mpira wa ukumbini, ilicheza Kombe la Dunia nchini Uzbekistan, chini ya shirikisho lilelile.

Lakini kufungia nako kusitazamwe kama dawa ya kila kitu. Kama Afghanistan ingefungiwa mwaka 2021, wanaume wangekaa nje, na wanawake bado wasingekuwa na stakabadhi, kwa sababu timu iliyofungiwa haichezi, iwe ya kike au ya kiume. Kwa hiyo waliokuwa uhamishoni hawakuishia kudai adhabu. Walichoomba kwa miaka minne kilikuwa kitu chembamba zaidi na kigumu zaidi, yaani FIFA iwatambue bila kupitia Kabul.

Kilichoamuliwa Mei 2025, na ambacho hakikuamuliwa

Mei 2025 Baraza la FIFA lilikubali kuundwa kwa timu ya wakimbizi ya wanawake wa Afghanistan, kwa majaribio. FIFA ikamteua Pauline Hamill, mshambuliaji wa zamani wa Uskoti, kuwa kocha. Zikafuata kambi za mchujo Australia na Uingereza, na kikosi cha wachezaji 23 kikapatikana.

Michuano midogo ya nchi nne ilipangwa kufanyika Umoja wa Falme za Kiarabu. Siku chache kabla ya kuanza ikahamishiwa Morocco, na Tunisia ikachukua nafasi ya wenyeji wa awali. Afghan Women United walifungwa na Chad 6-1, wakafungwa na Tunisia 4-0, kisha tarehe 1 Novemba wakaifunga Libya 7-0.

Sasa jibu la swali la kwanza. Timu iliyocheza Morocco ilikuwa timu ya FIFA ya wanawake wa Afghanistan, haikuwa timu ya shirikisho la Afghanistan. Kwa mfano wetu wa ghala, mnada wenyewe uliamua kuandaa siku maalumu na kupokea mzigo wa wakulima wale moja kwa moja. Walipimiwa, wakaonekana, bei ikajulikana. Ila siku hiyo haikuwafanya kuwa na AMCOS. Michuano ile haikuwa mchujo wa Kombe la Dunia wala wa Kombe la Asia. Kombe la Asia la wanawake, ambalo ndilo njia ya kwenda Kombe la Dunia la 2027 nchini Brazil, lilipangwa kuchezwa Machi 2026 Australia, nchi ileile wanamoishi wengi wao. Michezo ya kufuzu ilichezwa katikati ya 2025 bila jina la Afghanistan kwenye ratiba. Hadi wakati huo mechi rasmi ya mwisho ya timu yao ya taifa ilikuwa ya mwaka 2018.

Wengi huilinganisha timu hii na Timu ya Wakimbizi ya Olimpiki, na kulinganisha huko kunapotosha. Ile ilianza Rio 2016 ikiwa na wanamichezo 10, watano wao wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma waliofundishwa Ngong chini ya Tegla Loroupe. Mkimbiaji wa mita 800 anaingia njia yake peke yake, na inatosha kumpa namba ya kifuani. Mpira unataka wenzake 10, timu pinzani inayokubali, ratiba, na nafasi kwenye kundi. Pia Olimpiki ilikuwa na ujasiri ambao mpira uliukosa. Katika michezo ya Paris 2024 Afghanistan iliwakilishwa na wanaume watatu na wanawake watatu chini ya bendera ya zamani, na wanawake hao wote waliishi nje ya nchi. Kamati ya Olimpiki ilifanya kazi na viongozi wa michezo walioko uhamishoni badala ya kusubiri jibu la Kabul.

Kwa nini asichezee nchi iliyompokea?

Tanzania tuna mfano wa karibu wa kuelewa hili. Januari 2025, wachezaji watatu wa Singida Black Stars walipopewa uraia wa Tanzania, mjadala ulizuka papo hapo kama sasa wanaweza kuvaa jezi ya Taifa Stars. Pasipoti ni sharti la kwanza. Siyo la mwisho.

Mtu aliyepata uraia mpya, ambaye hakuzaliwa nchi hiyo wala hana mzazi, babu au bibi aliyezaliwa huko, anatakiwa awe ameishi huko muda fulani. Kwa kanuni zilizorekebishwa Septemba 2020, aliyehamia kabla hajafikisha miaka 10 anahitaji kuishi miaka 3. Aliyehamia akiwa na miaka 10 au zaidi anahitaji miaka 5, na aliyefika kabla ya kutimiza 18 anatakiwa pia aonyeshe kwamba hakuhamia kwa ajili ya kuchezea timu ya taifa. Kwa binti aliyetoroka Kabul hilo la mwisho ni rahisi kuthibitisha. Linalochelewa ni pasipoti, kwa kuwa nchi nyingi hudai miaka kadhaa ya ukaazi kabla ya kumpa mkimbizi uraia, tena na mtihani wa lugha.

Nadia Nadim alipita njia hii zamani, ikiwa na miiba zaidi. Alizaliwa Herat mwaka 1988. Baba yake, jenerali wa jeshi, aliuawa na Taliban, na mama akatoroka na mabinti zake kupitia Pakistan hadi Denmark, ambako Nadia alianza mpira kambini. Kanuni ya wakati huo ilidai miaka 5 ya kuishi nchini baada ya kufikisha umri wa miaka 18, maana yake asingeichezea Denmark mpaka awe na 23. Shirikisho la Denmark lilipinga, na FIFA ikamruhusu. Alianza mwaka 2009, akacheza zaidi ya mechi 100, akafunga kwa penalti kwenye fainali ya Euro 2017 waliyofungwa na Uholanzi 4-2, na mwaka 2022 akahitimu udaktari. Ukilinganisha kanuni ya zamani na ya sasa, utaona njia ilivyofupishwa kwa mtoto anayefika mapema.

Kuna ufunguo mwingine ambao hausemwi, nao ni mgumu. Mchezaji aliyewahi kuichezea timu ya wakubwa ya nchi yake kwenye mashindano rasmi hufungwa na mechi hiyo. Anaweza kubadili tu kama wakati wa mechi ya kwanza tayari alikuwa na uraia wa nchi mpya, alikuwa chini ya miaka 21 alipocheza mechi yake ya mwisho, hakucheza zaidi ya mechi tatu, imepita miaka 3, na hakushiriki fainali za Kombe la Dunia wala za bara. Mwanamke aliyeichezea Afghanistan mwaka 2015 au 2018 akiwa na uraia mmoja tu anakwama kwenye sharti la kwanza. Anakuwa mchezaji wa taifa ambalo halimtaki, na hawezi kuwa wa taifa lililompokea. Mechi ya kirafiki haifungi mtu namna hii, na aliyeishia timu za vijana ana nafasi. Ndiyo maana wadogo zao wanaweza kuja kuonekana na jezi za Australia au Ureno, wakati dada zao waliowatangulia hawawezi.

Na yule asiye na uraia? Kanuni ina kipengele chake: kama sheria ya nchi anayoishi haimpi uraia, anaweza kuruhusiwa kuichezea nchi hiyo baada ya kuishi miaka 5. Wakili akimwombea mkimbizi wa Afghanistan kwa kipengele hiki atarudishwa, kwa sababu mteja wake ana uraia. Tulilisema mwanzoni.

Hijabu, dini, na hoja zinazorudiwa

Zipo sauti zinazosema kikwazo ni hijabu. Iliwahi kuwa hivyo. Juni 2011 wanawake wa Iran walizuiwa kucheza na Jordan katika mchujo wa Olimpiki kwa sababu ya vazi la kichwani, wakapoteza mechi 3-0 mezani. Tangu Machi 2014 sheria za mchezo zinaliruhusu kwa masharti: liwe jeusi au rangi kuu ya jezi, wote wanaolivaa kwenye timu moja wafanane, lisishonwe kwenye jezi, lisiwe na pini au kifungo cha shingoni kinachoweza kuumiza, wala sehemu inayoning'inia. Mtandio wa kawaida wa pini hauvuki ukaguzi wa mwamuzi. Wa kuvutika, unaovaliwa kwa kupitisha kichwani, unavuka.

Wengine husema ni dini. Morocco, nchi ya Kiislamu, ilifika fainali ya WAFCON 2022 na mwaka uliofuata ikavuka makundi ya Kombe la Dunia, beki wake Nouhaila Benzina akiwa wa kwanza kuvaa hijabu katika fainali hizo. Zanzibar wapo wasichana wanaocheza na kichwa kimefunikwa. Kinachotokea Afghanistan ni amri za watawala, na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kukamatwa kwa viongozi wawili wa juu wa Taliban kwa tuhuma za mateso ya kijinsia.

Daftari la katibu wa klabu

Timu ya taifa ndiyo habari kubwa, lakini kwa binti mkimbizi wa miaka 14, awe ametoka Afghanistan, Somalia au Kongo, kikwazo cha kwanza ni kusajiliwa klabu ya mtaani. Hapa makosa madogo hula msimu mzima.

Anza na swali moja: amewahi kusajiliwa na klabu yoyote chini ya shirikisho la nchi nyingine? Mpira wa shule na wa vichochoroni hauhesabiki. Kama hapana, huo ni usajili wa kwanza. Kama ndiyo, na ana miaka 10 au zaidi, inahitajika hati ya uhamisho wa kimataifa, ile ITC ambayo mashabiki wa Simba na Yanga wanaijua. ITC huombwa kwa shirikisho la nchi alikotoka. Umeona hatari yenyewe? Katibu mwenye nia njema anaweza kubonyeza kitufe na kuipelekea Kabul jina kamili la mwanamke aliyejificha, pamoja na klabu aliyopo. Hivyo hali ya ukimbizi ielezwe kwa maandishi kwa shirikisho la nchi mpya kabla ya ombi lolote kutumwa, na shirikisho hilo liwasiliane na FIFA lenyewe.

Kwa walio chini ya miaka 18 kuna katazo la jumla la kuhamia klabu ya nchi nyingine, lililowekwa kuzuia biashara ya watoto, na linagusa hata usajili wa kwanza wa mtoto mgeni. Misamaha ipo. Mtoto aliyekuja na wazazi waliohama kwa sababu zisizo za mpira anaingia kwa msamaha huo. Aliyekimbia bila wazazi kwa kuhofia maisha au uhuru wake, na ameruhusiwa kukaa hata kwa muda, ana msamaha wake mwingine. Aliyekaa nchini miaka 5 mfululizo kabla ya kusajiliwa mara ya kwanza hahitaji msamaha. Kosa linalojirudia ni klabu kuchagua msamaha wa wazazi kwa mtoto aliyeletwa na shangazi. Shangazi si mzazi kwenye fomu hizi, na ombi hukwama likisubiri karatasi ya ulezi.

Viambatanisho vya kutayarisha ni hati ya hifadhi au barua ya kupokelewa kwa ombi, uthibitisho wa makazi, kitambulisho chenye picha, na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Mara nyingi hakipo. Wakimbizi wengi huandikiwa tarehe 1 Januari kwa kuwa ofisa aliyewapokea alijua mwaka tu. Tarehe hiyo ikishaingia kwenye hati ya kwanza, itumieni hiyohiyo shuleni, hospitalini na klabuni hadi irekebishwe rasmi, maana tarehe mbili tofauti humfanya binti aonekane amepunguza umri. Majina nayo hivyo hivyo: jina moja la Kidari, lugha mojawapo ya Afghanistan, linaweza kuandikwa kwa herufi za Kilatini kwa namna tatu, na mfumo wa usajili utaona watu watatu. Nakilini tahajia ya hati ya hifadhi herufi kwa herufi, hata kama imekosewa, kisha ombeni masahihisho kwenye hati hiyo kwanza, na kadi ya klabu ifuate baadaye.